Rivyu ya kura: kama chombo cha kumtoa mtu madarakani iko vizuri, kama cheti cha ridhaa haifai kabisa

Watu wanaandikaga rivyu za simu, za pasi, za hoteli, mi leo nataka niandike rivyu ya kitu ambacho karibu kila mtu mzima anakitumia au anakikwepa na wachache sana wamewahi kukikagua, yaani kura. Sio mgombea, sio chama, kura yenyewe, kile kikaratasi unachokitia alama na kukitumbukiza kwenye sanduku. Kilichonisukuma ni maneno ninayoyasikia kila serikali ikifanya jambo baya, "si mlimchagua wenyewe?", "ulipanga foleni ukapiga, sasa unalia nini?", halafu upande wa pili kuna wale wanaosema mi sipigi kura maana nikipiga nitakuwa nimeshiriki dhambi zao. Hawa wanabishana mpaka povu linawatoka ila ukiwasikiliza kwa utulivu unaona wanaamini kitu kilekile kimoja, kwamba kura ni sahihi, ukishaitumbukiza umesaini kila kitakachofuata mpaka uchaguzi ujao. Mi nakataa. Kura haikuundwa kwa kazi hiyo, haiiwezi hata ukiilazimisha, na anayeinadi kwa sifa hiyo anaumiza watu.

Tuanze na inachokiweza. Kura inaamua nani akae kwenye kiti na, kubwa zaidi kwangu, inamtoa aliyekaa bila damu kumwagika. Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Chile 1988. Jenerali Pinochet alishika nchi kwa mapinduzi ya 1973, katiba ya 1980 iliyotungwa chini ya utawala wake ikasema itafika siku wananchi wataulizwa kama mtu atakayeteuliwa na wakuu wa majeshi atawale miaka mingine nane, ndiyo au hapana, na mtu mwenyewe aliyeteuliwa akawa ni yeye yeye. Wapinzani walibishana sana. Wengine walisema kabisa kwamba kuingia kwenye kura iliyoandaliwa na dikteta, chini ya katiba ya dikteta, ni kuibariki hiyo katiba, bora tukae nje. Lakini wengi wakaamua wajiandikishe waingie, na tarehe 5 Oktoba 1988 Hapana ikapata karibu asilimia 56, Ndiyo ikabaki kwenye 44 hivi, na Machi 1990 jamaa akakabidhi urais (jeshi aliendelea kuliongoza mpaka 1998, huko kura ilikuwa haijafika).

Sasa chukua ile kanuni ya "ukipiga kura umeridhia" uiweke hapo Chile uone inavyokwenda. Watu waliopanga foleni siku ile kuandika Hapana watahesabiwa wameridhia utawala wa Pinochet kwa kitendo kilekile walichoutolea. Kanuni ikishakufikisha hapo ujue tatizo sio wale watu, ni kanuni.

Tuje kwenye kipimo chenyewe. Ridhaa ya kweli inataka ujue unaridhia nini, uwe na uwezo wa kukataa, na ukikataa kukataa kwako kuheshimiwe. Kikikosekana kimojawapo tutafute jina lingine, uvumilivu labda, au woga, au kukosa pa kwenda, ila ridhaa hapana.

Kwenye kujua, kura inafeli vibaya sana na historia imejaa ushahidi. Marekani 1916, Woodrow Wilson aligombea muhula wa pili huku watu wake wakimnadi kwamba ndiye aliyeiweka nchi nje ya vita ya Ulaya, akashinda, na Aprili 1917, mwezi mmoja tu baada ya kuapishwa tena, nchi ikaingia vitani. Unaweza kusema Wajerumani na nyambizi zao walibadilisha hali, na ni kweli walibadilisha. Basi nenda 1964. Lyndon Johnson anagombea dhidi ya Barry Goldwater ambaye watu wengi walimwogopa kwamba atawasha moto Vietnam, Oktoba ile Johnson anasimama Ohio anawaambia watu kwamba hatutapeleka vijana wa Kimarekani maili elfu tisa au kumi kutoka nyumbani wakafanye kazi ambayo vijana wa Asia wanapaswa kujifanyia wenyewe. Akapata asilimia 61 ya kura. Machi 1965 wanajeshi wa majini wakashuka Da Nang, na kufika 1968 kulikuwa na wanajeshi zaidi ya laki tano kule. Hebu mfikirie mama mmoja wapo kati ya mamilioni waliompa Johnson kura kwa sababu hiyohiyo ya kuogopa vita, mwanae kaitwa jeshini, halafu aje mtu amwambie wewe uliridhia, jina lake si ulilitia alama? Yaani kaambiwa amekubali kitu alichokipigia kura ya kukizuia. Ukimpa fundi ufunguo aje atengeneze bomba, yeye akauza kitanda, hakuna mwenye akili atakayesema kitanda kimeuzwa kwa ridhaa yako kwa vile ufunguo ulitoa wewe.

Na hata mgombea akiwa mkweli asilimia mia bado kuna shida, kwa sababu kikaratasi hakina sehemu ya kuandika sababu. Hii ndo kasoro ambayo mi nadhani watu wanaidharau kuliko zote. Angalia Ufaransa 2002. Duru ya kwanza, tarehe 21 Aprili, Jacques Chirac kapata chini ya asilimia 20, na mshtuko wa siku ile ni kwamba aliyeshika nafasi ya pili alikuwa Jean-Marie Le Pen wa mrengo wa kulia kabisa, Lionel Jospin aliyekuwa waziri mkuu kaachwa nje. Duru ya pili tarehe 5 Mei Chirac huyohuyo kapata zaidi ya asilimia 82. Wiki mbili tu. Hakuna muujiza wowote uliotokea kwenye sera zake, mamilioni ya watu wa mrengo wa kushoto ambao walikuwa wakimpinga maisha yao yote walienda wakamchagua ili kumfungia mlango mwingine, wengi walifanya huku wanaumia na walisema wazi. Lakini kwenye sanduku kura ya mtu anayempenda Chirac na kura ya mtu anayemvumilia usiku mmoja zina sura moja, zinahesabiwa pamoja, na asubuhi rais anasema nimepewa dhamana na wananchi asilimia 82. Dhamana ya nini? Ya kutokuwa Le Pen, hiyo tu ndo uliyopewa kwa uhakika, hayo mengine unayajazia mwenyewe.

Sasa uwezo wa kukataa. Kuna mwanafalsafa wa Uingereza aliitwa Herbert Spencer, kwenye mambo mengi sikubaliani naye kabisa, ila mwaka 1851 aliwabana watu wa hoja hii nikaona hapa amepatia. Alisema hivi, kwa maneno yangu: ukimpigia mtu kura wanasema umeridhia atakayofanya. Ukimpigia mpinzani wake wanasema umeridhia pia, maana kwa kuingia kwenye mashindano ulikubali mwenye wengi atawale. Usipopiga kabisa wanasema basi umeridhia kwa kunyamaza, nafasi ya kupinga ulipewa hukuitumia. Kwa hiyo mtu ameridhia kwa njia yoyote atakayoishika! Mi nilipokutana na hoja hii nilikaa nayo muda mrefu maana ndivyo watu wanavyobishana mpaka leo, ukiwabana mlango mmoja wanatokea mlango wa pili, na ridhaa ambayo haiwezi kukosekana kwa kitendo chochote unachoweza kufanya haina thamani yoyote, haimpi mtawala kitu kwa sababu angekipata hata ungelala nyumbani.

Na kuna nchi ambazo hata huo mlango wa kulala nyumbani haupo. Australia walipitisha sheria ya kura ya lazima kwa uchaguzi wa taifa mwaka 1924, kwa sababu uchaguzi wa 1922 waliojitokeza walikuwa chini ya asilimia 60, uchaguzi uliofuata wa 1925 wakavuka 90. Usipokwenda bila sababu ya msingi unapigwa faini. Mi sisemi ni sheria mbaya, kuna hoja nzuri za kuitetea, inafanya wanasiasa wasiweze kuwapuuza maskini kwa kuwa maskini nao watakuwepo. Lakini huwezi kumtoza mtu faini asipofanya kitu halafu akikifanya useme amekifanya kwa hiari yake na kwa hiyo ameridhia yote.

Hapo wapo watakaosema, haya, achana na kura, unakaa nchini, unatumia barabara, basi umeridhia. Hoja hii ni kongwe kuliko kura zetu, Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, anamwonyesha mwalimu wake Sokrates mwaka 399 kabla ya Kristo akiwa gerezani Athene anakataa kutoroka kwa sababu Sheria za mji zinamwambia ulikaa hapa miaka yote hii ungeweza kuondoka, na mwanafalsafa wa Uingereza John Locke mwishoni mwa miaka ya 1680 akaandika kwamba hata mtu anayepita barabarani tu amekubali serikali kimyakimya kwa muda anaopita. Jibu lililonikolea ni la David Hume, mwanafalsafa wa Uskoti, 1748. Anasema kumwambia mkulima maskini asiyejua lugha nyingine wala desturi za nchi nyingine, anayeishi kwa kipato cha siku kwa siku, kwamba amebaki kwa hiari yake, ni sawa na kumwambia mtu aliyepakiwa merikebuni akiwa usingizini kwamba amemkubali nahodha kwa vile hajajirusha baharini. Mi naongeza hapo kitu kimoja, kama kukaa nchini kunatosha kuwa ridhaa, basi kura haina kazi yoyote kwenye hoja, imebaki pambo, tuache kuitaja.

Sehemu ya usiri nayo inabidi niiseme maana ni kifaa ndani ya kifaa. Kura ya siri ya kisasa, yenye karatasi iliyochapwa na serikali, ilianzia kwenye makoloni ya Australia, Victoria na South Australia, mwaka 1856, Uingereza ikaifuata 1872. Ilikuwa ukombozi mkubwa, kabla ya hapo mwenye shamba alikuwa anasikia mpangaji wake anamchagua nani na asipopenda anamfukuza. Naipa alama zote. Ila mwanasheria mmoja wa Massachusetts, Lysander Spooner, mtu aliyepambana na utumwa kwa nguvu, akaandika 1870 kwamba usiri huohuo unaua madai ya ridhaa: mbunge anasema natenda kwa niaba yako, haya nionyeshe nani kakutuma, hawezi, hajui, karatasi hazina majina. Na akasema jambo lingine ambalo kwangu ndo zito zaidi, kwamba mtu anajikuta amezungukwa na serikali ambayo hakuiomba, inamtoza kodi apende asipende, anaona wenzake wanaitumia kura kumwamulia, na yeye akiishika anaishika kujikinga, kama mtu aliyesukumwa vitani bila kutaka akapigana asife, na huwezi kusema mtu huyo alichagua vita. Spooner aliendelea mbele mpaka akasema katiba ya nchi yake haimfungi mtu yeyote, huko mi simfuati, naona tuna sababu nyingine nzuri za kutii sheria zenye haki ambazo hazihitaji ridhaa hata kidogo, kama vile kutowadhuru wenzetu na kubeba mzigo pamoja. Lakini hoja ya kujikinga imesimama.

Sasa nije kwenye jaribio gumu zaidi, maana rivyu isiyokijaribu kitu kwenye hali mbaya haina maana. Je, mfumo wa kura wenyewe ukiwa dhalimu, kuingia ndani sio kuukubali?

Tanganyika, Januari 1958, mkutano wa TANU, chama kilichokuwa kinadai uhuru, Tabora. Serikali ya kikoloni imeweka utaratibu ambao watu wakauita kura tatu: mpiga kura analazimika kuchagua watu watatu, Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja, Mzungu mmoja, la sivyo kura yake haihesabiwi, na kabla ya hapo lazima utimize masharti ya elimu au kipato au cheo ndo uandikishwe. Nchi ambayo Waafrika ni karibu watu wote. Ni matusi, na wajumbe wengi walifika Tabora wakiwa wamekasirika na wako tayari kususia. Nyerere akasimama akawashawishi waingie, hoja ikiwa kwamba tukikaa nje viti vitachukuliwa na chama kilichokuwa kinapendwa na serikali, UTP, na watazungumza kwa jina la Watanganyika huku sisi tumenuna. Uamuzi ukapita, mpaka leo unaitwa Uamuzi wa Busara, ingawa sio wote waliukubali, Zuberi Mtemvu alijitoa akaanzisha chama chake. Uchaguzi ukafanyika kwa awamu mbili, 1958 na 1959, TANU na wagombea wa rangi zote iliowaunga mkono wakazoa viti, UTP ikafa, na tarehe 9 Desemba 1961 nchi ikawa huru.

Naomba mtu yeyote anyooshe kidole aseme wale waliopiga kura tatu waliridhia ubaguzi wa kura tatu. Hakuna. Walishika chombo kibovu kilichokuwepo wakakitumia kuubomoa mfumo uliokitengeneza, na kila mtu alijua, pamoja na gavana.

Mtemvu lakini simdharau, na sababu ni mfano wa pili unaokwenda kinyume. Afrika Kusini, serikali ya makaburu ilileta katiba mpya 1983 yenye bunge la vyumba vitatu, kimoja cha Wazungu, kimoja cha Machotara, kimoja cha Wahindi, na Waafrika weusi ambao ndo wengi hawakuwekwa popote. Agosti 1983 ikazaliwa UDF, muungano wa mamia ya vikundi vya mitaani, makanisa, wanafunzi, wafanyakazi, na moja ya kazi zake za mwanzo ikawa kuwaambia Machotara na Wahindi msiende, msipige. Uchaguzi wa Agosti 1984 wengi hawakwenda. Mbona hawa walisusa na wenzao wa Tabora waliingia, na wote tunawaona walifanya vizuri? Mi nimeipekua hii tofauti sana na jibu ninaloliona liko kwenye hesabu za viti. Chumba cha Wazungu kilikuwa na viti 178, Machotara 85, Wahindi 45. Jumlisha hivyo viwili unapata 130. Hata kila mtu angejitokeza, hata wangechagua mashujaa watupu, hawakuwa na njia ya kumtoa yeyote wala kuzuia chochote. Ile kura ilinyang'anywa kazi yake moja ya kweli ikabakizwa na kazi ya picha tu, serikali ilitaka foleni za watu iwaonyeshe walimwengu kwamba angalieni, wanashiriki.

Hapo lazima nikubali jambo linalonisumbua. Watawala wanaweza kuitumia kura yako kama muhuri hata kama wewe hukuitoa kama muhuri. Hilo ni kweli na ndo maana kususia kunaweza kuwa sahihi kabisa. Lakini angalia mzigo unaangukia kwa nani: muhuri anaugonga anayehesabu na kutangaza, sio aliyetia alama. Anayeamua aende au asiende anapima matokeo, je nikienda nitawapa picha bila kupata kitu, nikisusa nitaacha kiti kwa mbaya zaidi, na watu wema wanaweza kupima wakafika pande tofauti kama Nyerere na Mtemvu, bila mmoja wao kuwa msaliti. Kwa hiyo ukiniuliza mi ushauri wa kuitumia bidhaa hii nitakwambia kagua kitu kimoja kabla ya foleni, je kura hii inaweza kumtoa mtu? Chile iliweza. Tanganyika iliweza. Ile ya vyumba vitatu haikuweza.

Kuna wanaodhani nikisema kura sio ridhaa nimemwachia mpiga kura aondoke mikono mieupe. Hapana jamani, na hapa ndo nataka nisikike vizuri kuliko pote. Mgombea akisimama jukwaani akasema wazi nitawafukuza watu fulani majumbani mwao, nawe ukampigia kwa sababu hiyo, au ukampigia ukijua hivyo kwa kuwa aliahidi kupunguza kodi yako, umechangia. Mkono wako upo, hata kama ni kidole kimoja kati ya mamilioni. Ila kuchangia na kuridhia ni vitu viwili vyenye matokeo yanayopingana. Aliyeridhia anapoteza haki ya kulalamika, ukikubali upasuaji huwezi kumshtaki daktari kwa kukukata. Aliyechangia kinyume chake, yeye ndo ana wajibu mkubwa kuliko wengine wa kulalamika, kuandamana, kumwandikia mbunge wake, kumkatia chama chake mchango, kwa sababu jambo limefanyika kwa nguvu yake. Kwa hiyo yule anayesema "ulimchagua, nyamaza" amegeuza kila kitu juu chini. Ulimchagua ndo maana unatakiwa upige kelele!

Uingereza waliolielewa hili walionekana Februari 2003, wiki chache kabla ya vita ya Iraki, London ilijaa watu barabarani na wengi wao walikuwa walewale waliokipa chama tawala kura Juni 2001, wakati ambao vita ya Iraki haikuwa hata kwenye ilani. Machi 18 bunge likaidhinisha kwa 412 dhidi ya 149, na siku moja kabla Robin Cook, waziri wa serikali hiyohiyo, alijiuzulu kwa kuipinga. Hawakuzuia vita. Lakini hakuna anayeweza kusema vita ile ilipiganwa kwa ridhaa yao.

Na kuna jambo ambalo hoja zote za ridhaa zinalipita kimya. Tuseme mi nimeridhia kweli, kwa maandishi, nikijua kila kitu. Ridhaa yangu ni ya mwili wangu na mali yangu. Siwezi kuridhia kwa niaba ya mtoto ambaye hana umri wa kupiga kura, wala mfungwa aliyenyimwa kura, wala mtu wa nchi ya pili ambaye bomu litamwangukia na hajawahi kusikia jina la jimbo langu. Serikali inapomtesa mtu mahabusu, hata kama wapiga kura wote waliobaki walikubali, aliyeteswa hakukubali, na yeye ndo mwenye mwili. Sijawahi kupata jibu la kuridhisha kwa hili kutoka kwa wale wanaosema kura inahalalisha, wanarudi kwenye wingi, na wingi wa watu wasiohusika haujazi pengo la mmoja anayehusika.

Wale wa kutopiga kabisa niwaseme kidogo tu. Wapo wanaokaa nje kwa imani, Mashahidi wa Yehova kwa mfano hawashiriki siasa popote duniani na wamefungwa kwa msimamo wao, nawaheshimu, sina la kuongeza. Lakini anayekaa nyumbani ili asichafuke tu, halafu kodi analipa, halafu habari anaizima, mi sioni amejisafisha vipi. Mwandishi wa Marekani Henry David Thoreau alilala jela usiku mmoja 1846 kwa kukataa kodi ya kichwa, akipinga utumwa na vita dhidi ya Mexico, na yeye aliidharau kura kweli, alisema hata kuipigia haki kura bado sio kuifanyia hiyo haki chochote. Ila yeye alipoiacha kura alishika kitu kizito zaidi. Hakuiacha akalala.

Kitu ambacho ningeomba kiboreshwe kwenye bidhaa hii ni nafasi ya kukataa wote. India mahakama ya juu kabisa iliamuru 2013 karatasi iwe na sehemu ya kusema sitaki hata mmoja wa hawa, watu wakashangilia, lakini haina meno, hata ikiongoza kwa wingi mgombea anayefuata ndo anatangazwa mshindi, kwa hiyo Spencer bado anawasubiri pale mlangoni na swali lake. Colombia wamekwenda mbali zaidi. Kule kura tupu ina kisanduku chake rasmi, na ikivuka nusu ya kura halali uchaguzi unafutwa unarudiwa mara moja, na kwa nafasi kama ya meya wagombea walewale hawaruhusiwi kurudi. Mwaka 2011 mji wa Bello, karibu na Medellín, mgombea umeya alikuwa mmoja peke yake, hana mpinzani, kila mtu alidhani imeisha. Watu wakaenda vituoni wakakitia alama kile kisanduku kitupu, zaidi ya nusu, na uchaguzi ukarudiwa na wagombea wengine.